Chumba Alicholipia Kasiani

Kasiani alipompigia simu dada yake, baada ya miaka minne ya kununiana, hakumuuliza hali ya miguu wala kama Dodoma mvua zimenyesha. Alimwamkia haraka haraka, kisha akasema, "Dada, naomba uje Morogoro wiki hii. Uje na Irene. Nimeshawalipia hoteli."

Yuliana alimjibu kwamba atafikiria. Jioni binti yake aliporudi kutoka kazini alimkuta mama amekaa jikoni, mchicha umechambuliwa nusu, maji yamechemka mpaka yanaisha.

"Hoteli," alisema Yuliana. "Mtu ana nyumba kubwa hapo hapo mjini, Kihonda, hata kuku wake wana chumba, halafu anamlipia dada yake hoteli. Wewe unaielewa hiyo?"

"Labda anataka mpatane, mama."

"Kasiani nimemlea mimi. Akikuletea embe, ujue ameshavunja kitu ndani."

Irene alikuwa akiuza kwenye duka la dawa na likizo ilikuwa imempita mwaka mzima. Aliitafuta ile hoteli kwenye simu. Iliitwa Kilele Suites. Kila mgeni alipewa sebule, jiko dogo na vyumba viwili vya kulala, na dirishani mlima ulionekana mzima. Haikuwa gesti ya kulala madereva, wala haikuwa hoteli ya mawaziri. Waliowahi kulala pale walisifu uji wa asubuhi na kulalamikia maji ya moto.

"Twende tu," alisema. "Kama ana jambo lake, tutalijua tukiwa tumelala pazuri."

Yuliana alijua jambo lenyewe ni nini. Ni shamba la Kilundwa, kule mlimani, lililotoka kwa bibi yake likaja kwa mama yake, na sasa lilikuwa lake yeye, na baada yake la Irene. Ndivyo Waluguru wanavyorithishana ardhi ya ukoo, kwa upande wa mama. Kasiani alikuwa mjomba tu, msimamizi, mtu wa kuangalia mipaka na kulima kwa ruhusa. Lakini siku ya kumaliza matanga ya mama yao, kabla hata makapi ya mchele wa shughuli hayajafagiliwa, alisimama akasema kuna mtu wa Dar es Salaam anataka kujenga nyumba za watalii pale, na kwamba bei yake ni nzuri. Yuliana alimjibu mbele ya watu wote maneno ambayo hayasemwi msibani. Alijitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akamtoa na Irene. Tangu siku hiyo hakukuwa na salamu.

Walipofunga safari, miwani yake ya kusomea aliiacha Dodoma kwa makusudi.

"Sasa mama, utasomaje?" Irene alimuuliza wakiwa kwenye treni.

"Sisomi. Na nisichokisoma sitii saini. Na wewe usitie, hata wakisema ni karatasi ya kuchukulia taulo."

Hotelini walipokelewa na dada mmoja aliyeitwa Nasra, mwenye hijabu ya zambarau na sauti ya upole. "Shikamoo mama. Karibuni sana. Tumeambiwa tuwahudumie vizuri."

"Marahaba. Mmeambiwa na nani?"

Nasra alitabasamu, akampa Irene kadi ya mlango. "Mko ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Ni patulivu, hakuna atakayewasumbua."

Walipokuwa wakisubiri lifti Yuliana aligeuka. Nasra alikuwa ameshaweka simu sikioni, ameinamisha kichwa. "Ndiyo, wamefika," alisema. "Wote wawili."

Chumba kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililomkera Yuliana zaidi. Alitegemea harufu ya unyevu au godoro lililobonyea katikati, akakuta shuka zimenyooshwa vizuri na vitanda vinavyonukia sabuni. Jikoni kulikuwa na jiko la umeme la plati mbili, friji ndogo, sufuria na vikombe vinavyofanana. Friji ilikuwa imejazwa maziwa, mayai, ndizi mbivu na maji ya chupa. Juu ya meza ya sebuleni walikuta sahani ya stroberi za mlimani, zimefunikwa na kitambaa cheupe.

Irene alijitupa kwenye kochi. "Mama, hii ndiyo raha yenyewe."

Yuliana alikuwa akizunguka. Alifungua kabati, akachungulia chini ya vitanda, akanyanyua pazia. Nje mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu mazito hadi kiunoni. Ndipo alipouona mlango ukutani, kando ya televisheni. Haukuwa mlango wa chooni wala wa chumba cha kulala. Alijaribu kitasa, ukakataa.

"Huu unaenda wapi?"

"Chumba cha jirani, mama. Ziko hoteli nyingi hivyo. Familia kubwa ikija wanaufungua."

"Na familia yetu kubwa iko wapi?"

Waliusukuma ule mlango, wakasikiliza. Kimya. Hata hivyo Yuliana alimwinua Irene kwenye kochi, wakalisukuma pamoja mpaka likaegemea mlango ule. Televisheni ikabaki inatazamwa kwa kupinda shingo.

Kasiani alipiga simu muda mfupi baadaye. Alisema yuko Dar es Salaam, lori lake la kabichi limeharibika, atachelewa kidogo. "Ninyi pumzikeni. Chochote mnachotaka mwambieni Nasra."

"Nataka kwenda Kilundwa," alisema Yuliana. "Nataka kuona kaburi la mama."

"Dada, subiri kwanza. Barabara ni mbaya. Mvua za mwaka huu si mchezo."

"Basi nije Kihonda nimsalimie shemeji. Kwa nini umetuweka hoteli, Kasiani?"

"Nyumbani kuna wageni."

"Wageni gani wanaomshinda dada yako?"

"Tutaongea nikija," alisema Kasiani, na simu ikakatika. Huenda ni mtandao. Yuliana hakuamini kwamba ni mtandao.

Kesho yake walishuka kunywa chai. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa semina wenye vitambulisho shingoni, pamoja na familia moja iliyokuja kumwona binti yao anayesoma chuoni Mazimbu. Uji ulikuwa mzuri kweli, wa ulezi, wenye limau. Yuliana alikunywa vikombe viwili huku akimtazama kila mwanaume mwenye mkoba. Alikuwa ameshamchagua mmoja, mwenye koti la kijivu, kuwa ndiye mwanasheria. Yule bwana alipomaliza mayai yake alifungua mkoba, akatoa mswaki, akaondoka.

"Mama, utaumwa," Irene alisema akicheka.

Lakini hata Irene aliacha kucheka walipofika mapokezi na kuomba waitiwe teksi. Nasra alishika simu, akairudisha mezani, akaishika tena.

"Mnaenda mbali, mama?"

"Tunaenda tunakokwenda."

"Si kwamba nawazuia," alisema Nasra, na sasa hakuweza kumtazama usoni. "Ila mzee alisema mkitaka kutoka tumwambie kwanza. Hasa mkitaka kwenda upande wa mlimani."

"Mzee gani?"

"Mzee Kasiani. Hapa ni mwenyeji wetu, ndiye anayetuletea mboga."

Yuliana alimshika binti yake mkono, wakapanda ngazi bila kungoja lifti. Chumbani alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaanza kulipanga jambo lote kwa sauti. Ametuleta wote wawili, mama na mrithi. Ametuweka mahali ambapo watu wote wanakula kwake. Hataki tuonane na mtu wa Kilundwa. Kwa hiyo ameshaliuza shamba, na mnunuzi anangojea kutuona sisi tu.

"Na kama ndivyo tunafanyaje?" Irene aliuliza.

Kabla Yuliana hajajibu, mtu alikohoa nyuma ya kochi. Alikohoa upande wa pili wa mlango uliofungwa, kikohozi cha kukwangua koo, kisha kikazibwa kama kwa kiganja.

Mama na binti walitazamana. Irene alitaka kusema kitu, Yuliana akamwekea kidole mdomoni. Walingoja sana. Walisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, kiti kikivutwa, halafu basi.

"Ni mgeni tu, mama," Irene alinong'ona.

Kikohozi kile Yuliana alikuwa amekisikia mahali, lakini alijikatalia mwenyewe kusema ni wapi.

Mchana alishuka peke yake kwa ngazi za nyuma, zile zinazopita jikoni, akiwa na nia ya kutokea barabarani bila kupita mbele ya Nasra. Nje ya mlango wa jikoni alimkuta mwanamke wa umri wake akishusha tenga la figili na karoti. Alikuwa amejifunga kanga mbili na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Mwanamke yule alimtazama, akamtazama tena, akaanza kuongea Kiluguru.

"Wewe ni wa kwa Paulina wa Kilundwa. Umemchukua uso wote."

"Mimi ndiye Yuliana, binti yake mkubwa."

"Mwanaheri mimi, tuko hapo chini yenu, kwenye msikiti. Tulikuwa tunachota maji kisima kimoja tukiwa wasichana." Mwanaheri alimshika mikono yote miwili, na macho yake yakajaa machozi. "Pole, dada yangu. Poleni sana. Na mama, mmeshampata?"

Yuliana alidhani hakusikia vizuri. "Mama yupi?"

"Mama yako. Wameshamwona?"

"Mwanaheri, mama yangu alikufa. Ni mwaka wa nne huu. Tulimzika."

Mwanaheri alimwachia mikono taratibu. Alitazama mlango wa jikoni, akatazama tenga lake, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Kumbe hujaambiwa," alisema. "Basi mimi siwezi kuwa wa kwanza. Kaka yako atakueleza. Yupo humu humu, asubuhi nimemwona."

Yuliana alipanda zile ngazi kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau. "Vuta kochi," alimwambia Irene. Irene alivuta. Yuliana aligonga mlango ule kwa ngumi.

"Kasiani, fungua. Najua uko humo."

Aligonga tena.

"Lori lako la kabichi limeharibikia chumba cha jirani? Fungua, mama yetu yuko wapi?"

Kufuli lilizunguka. Kasiani alisimama mlangoni akiwa na soksi, shati halijafungwa vifungo, ndevu zimeota ovyo. Alikuwa mtu mnene alipomwacha msibani. Sasa shati lilimning'inia. Nyuma yake chumba kilikuwa sawasawa na chao, ila kimekaa giza, mapazia yamefungwa na chai imepoa mezani.

"Shikamoo dada," alisema.

Yuliana hakuitikia. Irene alisema, "Shikamoo mjomba," na Kasiani akaanza kulia.

Walimkalisha kwenye lile kochi. Aliyaeleza yote huku akitazama zulia. Mvua zilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Siku ya Jumapili, watu wako kanisani, kilima cha juu ya shamba kilikatika na kushuka chote. Hakuna mtu aliyekufa, Mungu ni mwema, lakini nyumba za ndugu watatu zilizikwa, migomba yote ilizikwa, na kaburi la mama, lililokuwa pale ukingoni mwa shamba kama alivyotaka mwenyewe, halionekani. Vijana walikuwa wanachimba kila siku. Hawakupata hata msalaba.

"Wageni walioko nyumbani ni wao," alisema. "Mama mdogo Veronika, na Devotha na watoto wake, na wengine. Wamelala mpaka varandani. Ningekuweka wapi?"

"Na hukusema kwenye simu."

"Nilishindwa. Nikasema nikuite, nikueleze uso kwa uso. Ukafika, nikashindwa tena. Nimekaa humu nakusikia unavyovuta makochi."

Yuliana alikuwa amesimama wakati wote. Alihisi kitu kama aibu kikimpanda, kwa stroberi alizokataa kuonja na kwa yule bwana wa mswaki. Alikuwa karibu kumwekea mdogo wake mkono begani. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshapanda Kilundwa, kinatazama kile kilima, na hakikukiona jinsi Kasiani alivyokieleza.

"Kilima kilikatika wapi?"

"Juu. Juu ya shamba."

"Juu ya shamba pana mikangazi ya bibi. Miti ile mizizi yake ni mikubwa kuliko mimi. Kilima kimeshukaje na miti ile ipo?"

Kasiani alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kasiani. Miti iko wapi?"

"Niliiuza," alisema. "Mwaka juzi. Walikuja watu wa mbao."

Yuliana aliingia chumba cha kulala, akafunga mlango. Irene alimsikia akitembea toka ukutani hadi ukutani mpaka jua lilipozama. Alipotoka alisema jambo moja tu. "Kesho asubuhi unatupeleka. Na usimpigie mtu simu kumwambia tunakuja. Bado una kitu tumboni, nakuona."

Walipanda mlimani kwa gari dogo mpaka barabara ilipoisha, kisha kwa miguu. Kasiani alitangulia. Yuliana alikuwa akitazama mgongo wake na watu waliopishana nao. Alitegemea pole. Watu wa Kilundwa walimsalimia, wakampa mkono, lakini waliuondoa haraka. Mzee mmoja aliyemfundisha katekisimu aliitikia shikamoo yake huku akitazama pembeni. Kitu kile tumboni mwa Kasiani, aliwaza Yuliana, hawa wote wanakijua.

Walipozunguka kona ya mwisho aliliona. Pale palipokuwa na matuta ya maharage na migomba, na juu yake kivuli cha miti, palikuwa na jeraha jekundu kutoka juu ya kilima mpaka kwenye kijito. Paa la bati lilichomoza katikati kama kona ya daftari. Wanaume wachache walikuwa wakichimba kwa sururu na majembe. Walipowaona waliacha. Yuliana alijaribu kukadiria kaburi lilikuwa wapi. Alitafuta jiwe kubwa, alitafuta mchungwa, hakupata pa kuanzia. Irene alimshika kiuno.

Wanawake walikuwa wamekaa karibu na mafiga, wanawapikia wachimbaji. Mmoja wao aliinuka. Alikuwa Devotha, mtoto wa mama yao mdogo, aliyekuwa amepanda alfajiri kutoka Kihonda kuja kutafuta vyombo vyake.

"Dada Yuliana," alisema, bila kumpa mkono. "Umekuja kuona mbao zako zilivyotufanya?"

"Mbao zangu?"

"Si wewe na Irene mlikubali miti ikatwe? Tulipowakatalia wale watu na mashine zao, kaka alituambia dada ameruhusu, na mrithi ameruhusu, sisi ni nani tukatae? Tukanyamaza. Ardhi ni yenu. Leo mimi na wanangu tunalala varandani."

Hapo Yuliana alielewa kwa nini Nasra aliagizwa kuwazuia na kwa nini mzee wa katekisimu alitazama pembeni. Ameuza miti kwa kinywa changu, aliwaza. Aligeuka kumtafuta Kasiani. Alikuwa amesimama kando ya kijito, amejishika kichwa.

Irene ndiye aliyemwendea. "Mjomba, mimi nilikubali lini?"

Kasiani alimtazama Yuliana. "Dada, naomba tuongee wawili."

"Hapana," alisema Yuliana. "Tumeshaongea wawili, ukanipa nusu. Hawa uliwaambia mbele ya watu. Waambie mbele ya watu."

Wachimbaji walikuwa wamesogea. Mtu mmoja alizima redio iliyokuwa ikiimba juu ya jiwe. Kasiani alivua kofia. Alisema kwa Kiluguru, ili hata wazee waelewe vizuri, kwamba dada yake hakuulizwa, na Irene hakuulizwa, kwamba alidanganya kwa sababu alijua dada angekataa. Alisema kwamba dada alipoitwa, yeye aliwaza kwanza jinsi ya kumfanya asikutane na watu wa nyumbani mpaka apate maneno ya kumlainisha. Alisema hivyo bila kulia. Mzee wa katekisimu, aliyekuwa amewafuata nyuma, alitema mate chini, akashika njia ya kwake. Devotha alimtazama Yuliana, akaenda kumvutia kiti karibu na mafiga.

Ukoo ulikaa mchana ule ule, hapo hapo kwenye udongo. Kasiani alivuliwa usimamizi, ukapewa Gervas, mtoto wa mama mdogo, mtu mpole anayelima vitunguu na asiyependa maneno. Hakuna aliyempinga, hata Kasiani mwenyewe. Kisha wachimbaji walimuuliza Yuliana, kama binti mkubwa, waendelee au waache. Aliutazama mteremko, ambao bado ulikuwa ukidondosha vijiwe kila upepo ulipopita, na vijana waliokuwa wamesimama chini yake.

"Acheni," alisema. "Mama alitaka kuzikwa kwenye shamba lake. Yumo. Padre akija atabariki shamba lote. Chimbueni vyombo vya Devotha, halafu mtoke hapo kabla mvua haijarudi."

Waliteremka mjini jua likiwa limeelekea mlima Mindu. Hotelini Irene alikusanya nguo, na Nasra alipokuja kuwauliza kama kuna kitu hakikuwaridhisha, Yuliana alimwambia kitanda kilikuwa kizuri na uji ulikuwa mzuri, na kwamba siku nyingine akiagizwa kumzuia mtu mzima asitoke nje, akatae. Nasra aliomba samahani kwa dhati. Yuliana alimwambia yameisha.

"Zimebaki siku zilizolipiwa," Kasiani alisema wakiwa kwenye maegesho, akiwa ameshika begi lake. "Kaeni tu. Mimi nitarudi nyumbani."

"Nipeleke Kihonda," alisema Yuliana. "Umesema nyumba imejaa watu. Nataka kuwaona kwa macho yangu."

Nyumba ilikuwa imejaa kweli. Magodoro yalipangwa sebuleni toka mlangoni mpaka kwenye kabati la vyombo, na nguo za watoto zilianikwa kwenye kila kitu. Mke wa Kasiani alikuwa uani na sufuria kubwa ya ugali, macho mekundu kwa moshi. Mama mdogo Veronika, aliyekuwa amekonda na akikohoa, alimkumbatia Yuliana, akamuuliza kama ni kweli alichokisema Devotha kwa simu. Yuliana alisema ni kweli.

"Usiku ule wa kwanza alitubeba mmoja mmoja mgongoni kuvuka kijito," mama mdogo alisema polepole. "Mimi alinibeba mara mbili, maana nilirudi ng'ambo kuokota rozari. Sijui nimweke upande gani, mwanangu."

"Hata mimi sijui," alisema Yuliana.

Alimpeleka mama mdogo na watoto wa Devotha wakalale kwenye vile vitanda vya Kilele kwa siku zilizobaki, Irene akakaa nao kuhakikisha mzee anakunywa dawa zake. Yeye mwenyewe alibaki Kihonda, kwenye godoro la sebuleni. Kasiani alimletea blanketi, akasimama pale.

"Dada, utaniamini tena?"

Yuliana alikunja ncha ya blanketi, akaitandaza, akaikunja tena.

"Misa ya shamba iwe Jumamosi," alisema. "Asubuhi utanipeleka kwa padre. Na huko kwa padre nitaongea mimi."

Kasiani aliitikia kwa kichwa, akazima taa ya sebule, akatoka kwenda kulala varandani.